Namna ya kuwapeleka watu wetu kwenye shughuli za televisheni ya umma, mpaka siku televisheni itakapowafuata wao

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Nilipohamia Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, niliamini Kizigua nimekiacha nyumbani. Mwaka wa pili nikapata kazi ya kutafsiri kwenye shule za msingi, na asubuhi moja akaingia bibi mmoja amejitanda kanga chini ya koti zito, akamkemea mjukuu wake atulie. Alimkemea kwa Kizigua. Watu wake walitoka Somalia wakapitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka kwetu Tanga katika karne ya 19, wakaondoka na lugha yao. Nilimwamkia, naye akaitikia kama vile tulionana jana kisimani. Tukazungumza mpaka kengele ikalia.

Kabla hajaondoka akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na picha ya Daniel Tiger, yule chui milia mdogo mwenye sweta jekundu ambaye watoto wote wanamjua kutoka televisheni ya umma. Mjukuu alikuwa ameibandika kwenye friji kwa wiki mbili, na bibi alitaka kujua inasema nini. Ilisema: njooni mkutane na Daniel, bure, familia nzima. Tarehe ilikuwa imepita siku tatu.

Ninachoandika hapa kimetokana na karatasi ile. Namwandikia yeyote anayezungumza Kiswahili katika mji wowote wa Marekani, awe ametoka Uvira, Kigoma, Bujumbura, Mombasa au Kismayu. Karibu kila mahali nchini humu kuna kituo cha televisheni ya umma kinachofika, na vingi hufanya shughuli za bure kwa wakazi. Miaka yote hii nimeona watu wetu wanazikosa kwa sababu ya karatasi, saa na basi. Mtu mmoja mwenye simu na daftari anaweza kuyamaliza yote matatu. Nakuomba uwe wewe.

Jua kwanza kituo ni cha nani

Utaulizwa swali hili kabla ya lolote. Kwetu ukisema televisheni ya umma mtu anafikiria serikali, na mama mmoja kutoka Burundi aliniuliza kwa sauti ya chini kama jina lake likiandikwa kule litafika kwa watu wa uhamiaji. Usilipuuze swali la namna hiyo. Mweleze kwamba vituo hivi humilikiwa na mashirika yasiyo ya faida, vyuo vikuu, na vingine taasisi za elimu za majimbo. Kwamba vinashirikiana vipindi kupitia PBS, mtandao wao wa nchi nzima, iliyoanzishwa 1969 na yenye vituo wanachama zaidi ya 300. Na kwamba kila kituo kina uongozi wake. Kwenye fomu za shughuli nilizojaza mimi huulizwa jina, barua pepe, idadi ya watu, na mara nyingine namba ya posta ya mtaa. Sijaulizwa karatasi za uhamiaji hata siku moja.

Halafu mweleze historia ya kituo cha mji wenu, maana watu huenda kwa moyo mwepesi mahali wanapopajua. Cha kwetu ni WQED. Kilianza kurusha matangazo tarehe 1 Aprili 1954, miaka 15 kabla PBS haijazaliwa, kwa nguvu za wakazi wenyewe. Fred Rogers, ambaye baadaye alijulikana nchi nzima kwa kipindi chake cha watoto, alikuwepo tangu siku za mwanzo, kijana wa nyuma ya pazia akichezesha vikaragosi. Usiku wa kuamkia matangazo ya kwanza, mkuu wa kituo, Dorothy Daniel, alimpa zawadi ya kikaragosi cha chui milia. Rogers akakiita Daniel kwa heshima ya yule mama. Kipindi cha katuni cha sasa kilianza 2012, na chui wake amerithi jina hilo hilo. Nilipomsimulia bibi habari hiyo, alisema: kumbe ana wajina. Toka siku hiyo akawa anamuulizia kama mtoto wa jirani.

Jambo la fedha nalo ulijue. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta takriban dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, na shirika lililoundwa kwa sheria ya 1967 kugawa fedha hizo likatangaza kuwa linafunga shughuli zake. Kwako wewe maana yake ni hii: usitegemee ratiba ya mwaka jana. Shughuli iliyokuwa kila masika huenda haipo. Upande mwingine, kituo kinachotafuta wafadhili kinahitaji kuonyesha kwamba watu wa mji wanakuja, na familia arobaini za Kiswahili zinazofika kwa wakati ni habari kubwa kwao. Usiende kama mwombaji.

Kuzipata

Hapa pana kazi ndogo. Fungua tovuti ya kituo, tafuta palipoandikwa "Events", kisha jiandikishe kupokea barua pepe zao. Tembelea maktaba ya mtaa mara moja kwa mwezi uangalie ubao wa matangazo, kwa sababu shughuli nyingi hufanyika maktaba wala si studio. Muulize na mwalimu wa chekechea. Wao hupelekewa vipeperushi kabla ya watu wengine.

Utakutana na aina tatu hasa. Kuna siku za watoto, zenye michezo, vitabu na mhusika wa kipindi anayekuja amevaa vazi lake. Kuna warsha za familia, ambapo wazazi na watoto hukutana wiki kadhaa mfululizo. Hula pamoja kwanza, kisha hujifunza, kwa mfano, programu ya tableti ya kutengeneza hadithi zenye picha zinazotembea. Na kuna maonyesho ya filamu za maisha halisi, mara nyingi kabla hazijarushwa hewani, na baada ya filamu watu hukaa wakazungumza.

Anza na siku ya watoto. Haihitaji Kiingereza, na mama ambaye mwanawe amecheka siku nzima atakuja tena bila kubembelezwa. Mimi nilianza na filamu kwa sababu niliipenda mwenyewe. Walikuja watu wanne.

Kuwaandikisha watu

Tiketi ni za bure lakini zina idadi, na kwenye mtandao mara nyingi mtu mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya chache. Mama mwenye watoto saba atachukua tatu, aone aibu, abaki nyumbani. Kwa hiyo usihangaike na mtandao. Piga simu kituoni, omba mtu wa idara ya "Community Engagement", sema una kundi, taja idadi. Kila nilipopiga simu nimepata nafasi za kundi, wakati mwingine na saa yetu maalumu ya kuingia.

Hesabu watoto wachanga. Kwetu mtoto wa mgongoni hahesabiwi, hapa anahesabiwa, maana ukumbi una kikomo cha watu kwa ajili ya usalama wa moto. Nina daftari la mistari, kila familia ukurasa wake: jina la mama, idadi ya watoto na umri, namba ya simu inayopokelewa (siyo ile ya baba ambaye yuko zamu ya usiku), lugha ya nyumbani, nani hali nguruwe, nani anatumia kiti cha magurudumu. Safu ya mwisho naandika: alikuja, hakuja. Safu hiyo ndiyo itakayokusaidia baadaye. Baada ya shughuli tatu nilijua kwamba nikiandika familia ishirini zitakuja kumi na nne, na idadi ninayoitaja kwenye simu ni hiyo ya kumi na nne, si ya matumaini. Watu wa kituo huagiza chakula na kuhesabu vitabu vya zawadi kwa neno lako. Ukiwapa namba ya kweli mara mbili, ya tatu wao ndio watakupigia.

Ukiwa bado kwenye simu, uliza kuhusu chakula. Piza yenye vipande vyekundu vya nyama mara nyingi ni nguruwe, na mtoto wa miaka mitano hawezi kujua. Sema mapema, wataleta ya jibini. Sijawahi kukataliwa hilo.

Kuwaita, na habari ya saa

Kipeperushi acha. Hata kikitafsiriwa kwa Kiswahili kizuri, mabibi wengi wa Kizigua hawasomi, na akina mama wa Kivu wanasoma Kifaransa kuliko Kiswahili sanifu. Tuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp. Usizidi dakika moja. Anza na salamu kamili kama unavyosalimia mlangoni, jitambulishe kwa jina la mtoto wako wa kwanza kama ndivyo wanavyokujua, kisha sema nini, wapi, siku gani, saa ngapi, bure, chakula kipo. Rudia siku na saa mwishoni. Halafu mtafute bibi mmoja anayeheshimika, umwombe naye atume sauti yake chini ya yako. Sauti ya bibi wa Kizigua imeleta watu wengi kuliko zangu zote.

Sasa saa. Somo hili lilinigharimu. Shughuli ilikuwa Jumapili, na mimi nikatamka vizuri kabisa: saa tisa alasiri. Mama mmoja alimwomba kijana wake aliyekulia hapa amwekee kengele kwenye simu. Kijana akasikia tisa, akaweka tisa ya Kimarekani. Mama akawavalisha watoto wanne, akapanda mabasi mawili, akafika mlango umefungwa, saa tatu asubuhi, mwezi Februari. Alinipigia simu, hakugomba. Nilimfuata kwa gari nikawachukua nyumbani kwangu, wakala, wakalala kidogo, tukaenda wote alasiri. Tangu siku hiyo nasema hivi kila mara: "saa tisa yetu alasiri, kwenye simu yako itaandikwa tatu, jua likiwa limeanza kushuka." Na nikimaliza kusema naweka picha ya uso wa saa kwenye grupu. Kama kuna Wakongo kwenye kundi lako, uliza kwanza wao wanahesabuje, maana wengi wamezoea saa za Kifaransa, na kwao tisa ni saa tatu yetu ya asubuhi.

Siku ya kuchagua, ukiulizwa, ni Jumapili alasiri. Jumamosi mchana utawakosa Wasabato wote, na miongoni mwa watu wa Kigoma na Kivu ni wengi. Jumapili asubuhi makanisa yetu hayatoki kabla ya saa nane. Ijumaa ni ya Waislamu. Ramadhani huwahi kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo angalia kalenda kabla hujakubali tarehe. Na uangalie sala ya magharibi: hapa Pittsburgh mwezi Desemba jua linazama karibu saa kumi na moja jioni, katikati kabisa ya shughuli ya alasiri. Omba chumba kidogo na shuka safi. Mwezi Juni huna wasiwasi, jua linazama karibu saa tatu usiku.

Njia

Usiseme "tukutane kule." Chagua mahali pa kukutana ambapo watu tayari wanapajua, sisi ni mlango wa shule, na muondoke pamoja. Wenzetu wengi wanakaa kaskazini ya mto, na kufika upande wa Oakland, mtaa kilipo kituo, inabidi kubadili basi mjini. Familia ikipotelea pale kwenye kubadili, hairudi tena safari nyingine.

Wenye magari watajitolea kwa moyo mweupe kubeba watu. Wazuie mpaka uwe umeuliza viti vya watoto. Sheria ya Pennsylvania inataka mtoto wa chini ya miaka minne awe kwenye kiti chake cha gari, na wa kati ya minne na minane awe kwenye kiti cha kumnyanyua. Ndugu yetu mwenye gari la viti saba hawezi kubeba watoto saba. Basi ni salama zaidi, na safari ya basi yenye watu ishirini wanaoimba ni nusu ya shughuli yenyewe. Wakati wa baridi weka soksi na kofia za ziada kwenye mfuko. Kila mara kuna mtoto aliyekuja na ndala.

Mlangoni na ndani

Fika nusu saa kabla. Mhusika aliyevaa vazi hakai siku nzima. Hutoka kwa vipindi, dakika kadhaa, anapumzika. Uliza mlangoni anatoka saa ngapi, uwapange watu wako kwenye foleni mapema. Wajulishe wazazi kwamba hatazungumza. Ndani ya vazi kuna mtu anayepunga mkono na kukumbatia tu, na pembeni yake kuna mwenzake anayemwongoza. Watoto wa chini ya miaka mitatu wengi hulia. Mzee mmoja wa Kimakonde aliyekuja na wajukuu aliniambia haoni ajabu, kwao lipiko, mchezaji aliyevaa kinyago, likitoka hata wakubwa wanasogea. Alimbeba mjukuu, akasimama mbali, akampungia yule chui mkono mpaka chui naye akapunga. Wakasogea hatua mbili. Wakapungiana tena. Ilichukua dakika kumi, na mtoto akaishia ameshika mkia. Fanyeni kama yule mzee.

Sasa picha. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kwenye milango ya shughuli nyingi za hadhara hubandikwa karatasi inayosema kwamba ukiingia umekubali kupigwa picha na kurekodiwa. Imeandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo. Miongoni mwa watu wetu kuna mama aliyemkimbia mume, kuna familia ambayo ndugu zao bado wako kambini na hawataki sura zao zionekane, kuna mtu ambaye kesi yake haijaisha. Kwenye shughuli ya taasisi moja, si ya televisheni, picha ya mama wa namna hiyo iliwekwa mtandaoni pamoja na jina la mtaa, na ilituchukua siku mbili kuiondoa. Alihama nyumba. Kwa hiyo: uliza sera ya picha kwenye simu yako ya kwanza. Omba stika ya rangi kwa wasiotaka kupigwa, na mwonyeshe mpiga picha mwenyewe, uso kwa uso, stika hiyo inamaanisha nini. Waeleze watu wako wakiwa bado kwenye basi, kwa Kiswahili na kwa Kizigua, wachague kabla hawajafika mlangoni. Usiwachagulie wewe. Bibi yule wa Kizigua alikataa stika. Alisema anataka kuonekana.

Utaona pia meza yenye bahasha za michango. Vituo hivi huishi sana kwa michango ya watazamaji, na vitasema hivyo bila kificho. Waambie watu si kiingilio. Wapo watakaotoa dola moja kwa sababu kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, na hiyo ni heshima yao, waache watoe.

Mkitoka, uliza kila familia kama ina antena. Matangazo ya kituo cha umma hupatikana bure hewani kwa antena ndogo ya ndani, bila kulipia kebo. Nyumba nyingi nilizoingia zilikuwa na televisheni kubwa isiyo na chaneli hata moja kwa sababu mtu aliwaambia lazima walipie.

Kukileta kituo kwenu

Mkishahudhuria mara tatu au nne, geuza safari. Kiombe kituo kije kwenye ukumbi wenu.

Andika barua pepe fupi miezi mitatu kabla. Sema ninyi ni nani, mmeshahudhuria shughuli zipi na mlikuwa wangapi (daftari lako hilo), ukumbi wenu una viti vingapi, mna projekta au hamna, na lugha zinazozungumzwa. Toa tarehe mbili. Pendekeza filamu. Haki za kuonyesha filamu hadharani ni jambo la kisheria: kuwa na diski au kuipata mtandaoni hakukupi ruhusa ya kuionyesha kwenye ukumbi wa kanisa. Acha kituo au watayarishaji wa mfululizo washughulikie ruhusa hiyo, wamezoea. Mfululizo wa POV, wa filamu za maisha halisi kwenye PBS, uliopo tangu 1988, huandaa hata miongozo ya mazungumzo kwa maonyesho ya jamii.

Sisi tulipendekeza *Softie*, filamu ya Mkenya Sam Soko kuhusu mpiga picha Boniface Mwangi alipogombea ubunge Nairobi mwaka 2017, iliyorushwa na POV Oktoba 2020. Nilikuwa na sababu moja. Ina Kiswahili kingi, na maandishi ya Kiingereza yako chini. Kwa miaka mingi kwenye kila mkutano watu wetu ndio wanaosubiri tafsiri. Siku ile ukumbi ulikuwa nusu kwa nusu, wageni na sisi, na wazee wetu walicheka kwanza. Kila mara walicheka kwanza, kisha baada ya kusoma wale wengine wakacheka. Mzee mmoja aliyekaa jirani na mimi aligundua hilo katikati ya filamu. Akageuka kuwatazama waliokuwa bado wanasoma, akasubiri nao, kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwenziwe mwenye mguu mbovu.

Ukipata filamu isiyo ya Kiswahili, usijaribu kutafsiri wakati inaonyeshwa. Nimejaribu kunong'ona kwenye kona na kundi la watu nane. Hawakusikia filamu wala mimi. Njia yangu sasa ni hii. Naiangalia mara mbili nyumbani. Kabla taa hazijazimwa nasimama mbele, nasema "Paukwa!", wao wanaitika "Pakawa!", kisha nawasimulia kisa chote kwa dakika kumi, pamoja na mwisho wake. Wamarekani hushtuka kwamba nimetoboa mwisho. Kwa msikilizaji wetu mwisho si siri, hadithi njema husimuliwa mara mia. Akishajua kisa, macho yake yako huru kutazama nyuso.

Kwenye mazungumzo ya baadaye, omba kitu kimoja: kipaza sauti kianze kwa wazee, na tafsiri iende pande zote mbili, sentensi chache chache. Utaratibu wa kawaida ni watu watatu mezani mbele na hadhira kuuliza maswali mafupi. Wazee wetu hawaulizi maswali mafupi. Watasimama, watasalimia, watawashukuru wenyeji, watasimulia kitu kilichotokea Jilib, kule Somalia, mwaka fulani, na jibu litakuwa ndani ya kisa hicho. Mwambie mwongozaji mapema atenge dakika arobaini badala ya ishirini, na asimkatize mtu wa zaidi ya miaka sitini. Mwongozaji wetu wa kwanza alikubali, na mwisho wa jioni yeye ndiye aliyekataa kuzima taa.

Chakula cha siku hiyo pikeni wenyewe, kama ukumbi unaruhusu. Maandazi na chai ya tangawizi vinatosha. Usikubali kituo kilete piza nyumbani kwenu.

Siku mbili baadaye, kabla mambo hayajasahaulika, wapelekee kituo barua nyingine: wangapi walikuja, lugha zipi, maswali gani yaliulizwa, na sentensi moja aliyoisema mtu mmoja, kwa Kiswahili chake na tafsiri chini. Uliza pia mikutano ya kamati yao ya ushauri ya wanajamii, kama wanayo, hufanyika lini. Vituo vingi vimekuwa na kamati hizo, na mikutano huwa wazi kwa wakazi. Nenda. Chukua mtu mmoja wa kwenye daftari uende naye, azungumze yeye, wewe utafsiri.

Safari ya kwanza nilimchukua bibi. Aliulizwa angependa kuona nini kwenye televisheni. Alifikiri kwa muda mrefu, chumba kizima kikamsubiri, kisha akasema kwa Kizigua kwamba angependa kuona mtu analima mahindi, kuanzia kupanda mpaka kuvuna, bila kuharakishwa. Nikatafsiri. Mwandishi wa kumbukumbu akaniuliza neno la Kizigua la mahindi linaandikwaje, akaliandika.